Mahujaji Waliolazwa Usingizi: Tulivyoisoma Riwaya ya Lord Jim

Katika kurasa za mwanzo za riwaya ya Lord Jim kuna mandhari ambayo msomaji Mwislamu hawezi kuipita haraka. Meli ya moshi iitwayo Patna, kuukuu na iliyoliwa na kutu, imefunga kwenye gati la mbao katika bandari moja ya Mashariki, na mahujaji wapatao 800 wanaipanda. Ni wanaume na wanawake, vikongwe na watoto wa kubebwa. Wengine wametoka misituni, wengine visiwani, wengine wameteremka mito kwa mitumbwi. Wameacha mashamba yao, majirani zao na makaburi ya wazee wao kwa kuitikia wito mmoja. Wanaingia kimya kimya, wanajaa sitahani, wanateremka mpaka tumboni mwa meli, kama maji yajazayo birika. Wa mwisho kupanda ni kiongozi wa safari, Mwarabu mwenye kanzu nyeupe na kilemba kikubwa, akifuatwa na watumishi waliochukua mizigo yake. Nahodha, Mjerumani mnene mwenye ulimi mchafu, anautazama umati ule na kuwaita ng'ombe.

Sisi tulioisoma riwaya hii pamoja, baadhi yetu walimu na baadhi yetu mama wa nyumbani, tuligawanyika hapo hapo. Wako waliotaka kukifunga kitabu. Mtu aliyekwisha kuvaa ihramu, au aliyemsindikiza mzazi wake hadi uwanja wa ndege na kurudi na kanga iliyolowa machozi, halichukulii neno kama lile kuwa ni mzaha wa mabaharia. Lakini tuliendelea, kwa sababu ilidhihirika mapema kwamba tusi lile ni la nahodha, si la mtunzi. Mtunzi alikwisha kuwaeleza mahujaji kwa heshima: watu wanyonge, wenye vumbi la safari, waliosukumwa na imani tu. Ila tulipofika mwisho tuligundua kwamba heshima ile nayo ina kasoro yake, na kasoro hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza na wasomaji wetu.

Joseph Conrad hakuzaliwa Muingereza. Alizaliwa mwaka 1857 katika mji wa Berdychiv, ambao leo umo nchini Ukraine, katika familia ya Kipoland. Alifiwa na wazazi wake wote wawili kabla ya kutimiza miaka 12, akaingia ubaharia angali kijana, na Kiingereza alichokuja kukiandikia alijifunza ukubwani. Bahari aliijua kwa jasho, si kwa kusimuliwa. Mwaka 1887 alikuwa afisa wa kwanza katika meli iitwayo Vidar, iliyofanya biashara kati ya Singapore na bandari ndogo ndogo za Borneo na Sulawesi. Mwenye meli hiyo alikuwa Mwarabu wa Singapore, wa ukoo wa Al-Jufri. Kwa msomaji wa Lamu au wa Mji wa Kale wa Mombasa jina hilo halihitaji kufafanuliwa. Wahadhrami waliokwenda Mashariki ya mbali na Wahadhrami waliotua kwetu walipandia majahazi katika pwani ile ile. Conrad, basi, alikula mshahara wa Waislamu na kusafiri nao. Lord Jim aliianza kuitoa kwa mfululizo katika jarida la Blackwood's mwezi wa Oktoba 1899, na mwaka 1900 ikatoka kuwa kitabu.

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Jim ni kijana wa Kiingereza, mtoto wa kasisi, aliyeingia baharini akiwa na ndoto za ushujaa alizozipata katika vitabu. Anaajiriwa kuwa afisa wa kwanza wa Patna. Usiku mmoja, bahari imetulia kama maziwa bakulini, meli inagonga kitu kilichojificha chini ya maji. Maji yanaingia sehemu ya mbele, na kinachoyazuia yasiimeze meli nzima ni ukuta mmoja wa chuma ambao Jim, akimulika kwa taa, anauona umebetuka na kumwaga kutu. Mashua za kuokolea ni saba. Watu ni 800. Nahodha na mafundi wake wa mitambo wanahangaika gizani kuteremsha mashua moja ili watoroke wao. Jim hawasaidii, anasimama kando akiwadharau. Kisha, kwa namna ambayo mwenyewe hawezi kuieleza hata baada ya miaka, anajikuta yumo mashuani pamoja nao. Karibu kitabu kizima ni jitihada ya kukieleza kitendo hicho kimoja.

Meli haikuzama. Manowari ndogo ya Kifaransa iliikuta ikielea na kuikokota hadi Aden na abiria wake wote. Afisa mmoja wa Kifaransa alikaa ndani ya Patna saa 30, akiwa tayari kukata kamba iwapo meli ingeanza kuzama, na miaka mitatu baadaye anapokisimulia kisa hicho analoliona la kulalamikia ni kwamba chakula alikipata lakini divai hakuipata. Hapa tulicheka. Divai, katika meli ya mahujaji!

Kuna tukio moja katika usiku ule ambalo pengine wengi hulipita. Jim, akiharakisha gizani na taa mkononi, anashikwa nguo na hujaji mmoja. Mtu yule anasema neno, naye Jim anasikia "maji". Anaingiwa na hofu. Anadhani hujaji amekwisha kujua kwamba meli inavuja, na kwamba akipaza sauti watu wote wataamka na kukanyagana. Anampiga na taa usoni ili anyamaze. Mtu yule hamwachii. Ndipo Jim anapong'amua kuwa anachoombwa ni maji ya kunywa. Mtoto wa mtu yule ni mgonjwa. Jim anakimbilia chumbani kwake, anachukua chupa yake ya maji, anamtia mkononi, na baba yule anatoweka.

Katika usiku mzima wa msiba ule, hilo ndilo neno tunalolisikia kutoka kinywani mwa hujaji. Baba hatajwi jina. Mtoto hatumwoni. Mtunzi hataturudisha tena kwao, ingawa kitabu kina sura 45. Sisi, ambao kila mmoja wetu amekesha na mtoto mwenye homa, tulisoma kurasa nyingi baada ya hapo huku nusu ya mawazo yetu yamebaki kwenye mkeka ule, tukijiuliza kama mtoto aliyanywa maji yale.

Wengine wote wamelala. Conrad anaueleza usingizi wao kwa ufundi mkubwa, na hatuna haja ya kumnyima haki yake: mikeka iliyotandazwa kila pahala, mizigo ya maskini iliyowekwa chini ya vichwa, mwanamke aliyejifunika shuka jeupe kutoka utosini hadi miguuni, mtoto katika kila mkono. Wamelala kwa kuwa wamewaamini wanaoiendesha meli. Usukanini wamesimama Wamalai wawili, hawakuacha kazi yao hata pale wakubwa wao waliporuka. Mmoja wao, mzee, anapoulizwa na mahakama baadaye alikuwa akifikiri nini, anajibu kwamba haikumpitikia kabisa kuwa wazungu wale wanaweza kuitoroka meli kwa kuogopa kifo. Kwetu sisi yule mzee ndiye baharia bora katika kitabu kizima, na amepewa chini ya ukurasa mmoja.

Lakini je, mahujaji walilala kweli? Hili si swali la kipuuzi, kwa sababu Patna haikutungwa kichwani tu.

Mwezi wa Julai 1880 meli iitwayo Jeddah iliondoka Singapore, ikapitia Penang, ikaelekea Hijazi. Ilibeba mahujaji. Idadi yao hutajwa kuwa 953, na hesabu nyingine hupindukia 990. Miongoni mwao walikuwamo wanawake zaidi ya 100 na watoto makumi kadhaa. Nahodha aliitwa Joseph Lucas Clark, naye alisafiri na mkewe. Afisa wa kwanza aliitwa Augustine Podmore Williams, na huyu ndiye anayedhaniwa kuwa chimbuko la Jim. Meli ilikutana na dharuba karibu na Ras Hafun, pwani ya Somalia. Mitungi ya mvuke iling'oka mahali pake, mabomba yakakatika, maji yakaanza kuingia kutoka chini. Matanga yalitwekwa, upepo ukayararua.

Na mahujaji walikuwa macho. Walikuwa wakifua maji. Abiria hao, watu waliolipa nauli yao ili wapelekwe, walishuka katika chumba cha mitambo kusaidiana na mabaharia, wakifua maji ya meli isiyokuwa yao kwa kuwa roho zilizomo zilikuwa zao. Ukiirudisha kalenda nyuma utaona kwamba mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1297 Hijria uliandama usiku ule ule waliotorokwa au usiku uliotangulia. Msafiri ana ruhusa ya kula. Hata hivyo inatosha kuifikiria hali yenyewe: giza la mwezi mchanga, bahari iliyochafuka, na watu wanaopokezana ndoo wakati ambao mwaka mmoja kabla walikuwa majumbani mwao wakiandaa daku.

Alfajiri ya tarehe 8 Agosti, karibu na kisiwa cha Sokotra, nahodha, mkewe na maafisa waliiteremsha mashua kwa siri. Mahujaji waligundua, wakajaribu kuwazuia. Pakazuka vurugu, baadhi ya watu wakaanguka baharini wakafa. Mashua ikaondoka. Saa chache baadaye meli iitwayo Scindia iliwaokota watoro hao na kuwafikisha Aden, nao wakatangaza kwamba Jeddah imezama na watu wake, tena kwamba abiria walikuwa wakali na kwamba wamewaua mafundi wawili wa mitambo. Habari ikapigwa kwa simu ya waya. Tarehe 11 Agosti, Jeddah ikaingia bandari ya Aden, ikikokotwa na meli iitwayo Antenor, na karibu mahujaji wake wote wakiwa hai.

Tungependa kusimama kidogo hapa, maana ndipo kiini kilipo. Conrad hakukaa ndani ya Jeddah. Habari alizipata magazetini na katika maongezi ya bandarini, na mtunzi wa riwaya ana uhuru wa kubadilisha atakacho. Amebadilisha mengi, na mengine yana maana inayoeleweka. Bahari iliyochafuka ameituliza, ili kishindo cha kosa kisikike vizuri zaidi. Lakini badiliko kubwa kuliko yote ni hili: watu waliokuwa macho wakifua maji, wakapigania mashua na kusingiziwa mauaji, yeye amewalaza usingizi. Amewaondolea ng'ombe wa nahodha, akawapa utakatifu wa walalao. Ni ukarimu, lakini ni ukarimu unaowanyang'anya mikono na vinywa.

Na aliyelala haombwi msamaha. Hili ndilo lililotushughulisha kuliko yote.

Hapa Pwani, mtu anayenuia kwenda Hija hafungi masanduku kwanza. Hulipa madeni, huandika wasia, kisha huwapitia jamaa na majirani nyumba kwa nyumba akiwaomba radhi, hata wale ambao hakumbuki kuwakosea. Wazee wetu, waliokuwa wakisafiri kwa meli kupitia Aden na wasijue kama watarudi, walilifanya jambo hili kwa machozi. Sababu yake inajulikana na kila mtoto aliyekaa chuoni. Mtu akimkosea Mola wake, mlango wa toba u wazi usiku na mchana. Lakini haki ya mja haifutiki kwa majuto ya moyoni peke yake. Mwenyewe arejeshewe, au asamehe.

Sasa mtazame Jim kwa jicho hilo. Tofauti na nahodha wake, ambaye anajipakia garini na kupotea kabla kesi haijaanza, Jim anasimama mbele ya mahakama peke yake. Hilo tunamhesabia. Ananyang'anywa cheti chake. Baada ya hapo anafanya kazi ya kuwakimbilia manahodha wa meli zinazowasili ili wakanunue mahitaji yao katika duka la tajiri wake, na kila anapotokea mtu anayeijua habari ya Patna, yeye huacha kazi na kuhamia bandari nyingine, kuelekea mashariki zaidi na zaidi. Anaungua kwa fedheha. Anamweleza Marlow, baharia mtu mzima ambaye ndiye msimulizi wetu, usiku kucha, na Marlow anawaeleza wengine katika masiku mengine mengi. Wanazungumza juu ya heshima, juu ya woga, juu ya nafasi ya ushujaa iliyompita. Mmoja wa mahakimu wa kesi ile, nahodha Brierly, mtu mwenye sifa zisizo na doa, anajitupa baharini muda mfupi baadaye, kwa kuwa amejiuliza yeye angefanya nini na jibu hakulipenda.

Watu wote hawa, wenye akili na huruma, hakuna hata mmoja anayefikiri kwamba yuko mtu wa kuombwa radhi. Jim anatafuta msamaha kwa Marlow, kwa mabaharia wenzake, kwa nafsi yake. Watu 800 aliowaacha hawamo katika orodha ya wanaomdai. Aibu yake ni ya mtu aliyeshindwa kuwa kama alivyojiona kiooni. Ni aibu kweli, na inauma kweli, lakini si deni. Msomaji wa London wa mwaka 1900 pengine hakuona pengo lolote hapo. Sisi hatukuweza kuona kingine.

Nusu ya pili ya kitabu inatuhamishia Patusan, nchi ya mtoni ambako Jim anapelekwa kuwa wakala wa biashara. Tukiri kwamba hapa baadhi yetu tulisinzia. Kuna vita vya wakubwa wa mahali pale, kuna mizinga inayopandishwa mlimani, kuna mzungu mmoja anayewaokoa wenyeji wasiojiweza, na hadithi ya namna hiyo sisi tumekwisha kuisoma mara nyingi bila ya kuiomba. Wenyeji wanamwita Tuan Jim, yaani Bwana Jim, na hapo ndipo jina la kitabu linapotoka. Lakini mwisho wake unaamsha. Jim anawaruhusu majambazi wa kizungu waondoke kwa amani akiwadhamini kwa uhai wake. Wanaondoka na kuua, na aliyeuawa ni Dain Waris, mtoto wa pekee wa mzee Doramin, mkuu wa Wabugis na mwenyeji wake Jim. Jim anaweza kutoroka. Anaweza kupigana. Badala yake anakwenda kwa miguu yake, bila silaha, hadi mbele ya baba aliyefiwa, na Doramin anampiga risasi ya kifua.

Hapo tulitofautiana tena, na hatujapatana hadi leo. Baadhi yetu waliona kwamba kwa mara ya kwanza Jim amejua kosa hulipwa wapi. Alilolikwepa kwa watu 800 amelifanya kwa mzee mmoja: amempelekea mwenye haki haki yake, uso kwa uso. Wengine walimkumbuka Jewel. Huyu ni binti wa Patusan aliyeishi na Jim kama mke. Tangu mwanzo alihofu kwamba ataachwa kama mama yake alivyoachwa, na Jim alimwapia kwamba hatamwacha. Siku ile anamshika, anamsihi wapigane au wakimbie pamoja, naye anajinasua na kwenda zake. Marlow anapomkuta baadaye, binti yule amekuwa kama jiwe. Hamsamehi. Marlow anajaribu kumtetea rafiki yake, nasi kina mama tuliokuwa tukisoma tulimwona Marlow akihangaika bure. Upande huu wa mabishano unasema Jim ameruka mara mbili, mara ya kwanza kuikimbia hofu na mara ya pili kuikimbilia sifa, na kwamba mara zote mbili nyuma yake amebaki mtu aliyemwamini. Mwandishi wa makala haya anaelekea upande huo wa pili, lakini anakiri kwamba waliokuwa upande wa kwanza walizungumza vizuri zaidi.

Iko hatari ya kuisoma hadithi hii kana kwamba ni ya Mzungu mwovu na Mwislamu mwema. Kumbukumbu za kweli hazituachi tustarehe hivyo. Jeddah ilikuwa mali ya Singapore Steamship Company, na aliyeiongoza kampuni hiyo alikuwa Sayyid Mohamed Alsagoff, mfanyabiashara wa asili ya Hadhramaut. Biashara ya kuwasafirisha mahujaji ilikuwa na faida, na faida ilipatikana kwa kuwajaza watu. Mashua zilikuwa chache kuliko roho zilizobebwa, kama katika riwaya. Mahakama ya uchunguzi iliyokaa Aden ilimsimamishia Clark cheti chake kwa miaka mitatu. Miaka mitatu tu! Williams alibaki Mashariki, akafanya kazi ya kuwahudumia manahodha huko Singapore kama Jim, akafa mwaka 1916.

Mambo haya si ya kale kama yanavyoonekana. Mwezi wa Januari 2012 nahodha wa Costa Concordia aliiacha meli yake pwani ya Italia huku abiria wangali ndani, na watu 32 wakafa. Mwaka 2014 nahodha wa Sewol, kule Korea Kusini, alitoka miongoni mwa wa mwanzo ilhali watoto wa shule waliambiwa wakae vyumbani wasubiri. Zaidi ya watu 300 walikufa. Wale nao walitii kwa kuwa waliamini. Na karibu na sisi, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejazwa kupita kiasi, na mpaka leo idadi ya waliokuwamo haina kauli moja. Jeddah nayo, kama tulivyoona, ina hesabu mbili za abiria. Meli ambayo haijui imebeba watu wangapi imekwisha kuamua jambo fulani juu ya watu hao kabla haijang'oa nanga.

Wazazi watauliza kama kitabu hiki kinafaa kuwekwa nyumbani. Kwa maoni yetu kinafaa, kwa kijana wa kidato cha tatu na kuendelea, na bora asiachiwe akisome peke yake. Kiingereza chake ni kigumu. Sentensi zinazunguka, na msimulizi huruka mbele na nyuma mpaka msomaji akapoteza njia. Sehemu inayotuhusu zaidi imo katika sura 17 za mwanzo, na si dhambi kuanza na hizo tu. Chinua Achebe, mwaka 1975, alimshtaki Conrad mbele ya kadamnasi kwa jinsi alivyowachora Waafrika katika kitabu chake kingine, Heart of Darkness, na hoja zake zimebaki na uzito. Kijana anapaswa kuzijua. Lakini Achebe alikisoma kitabu kile vizuri kuliko waliokisifu, na ndiyo sababu walilazimika kumsikiliza.

Tungependa zaidi siku moja kusoma riwaya ya Jeddah iliyoandikwa kutoka sitahani, na mtu anayejua namna ya kufua maji: nani aliyepanga zamu za ndoo, nani aliyewakusanya watoto mahali pakavu, mwanamke gani aliyeiona mashua ikiteremshwa na kupiga kelele ya kwanza. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Nobeli mwaka 2021, ametuonyesha kwamba hadithi za kale za pwani na bara zinaweza kusimuliwa upya na wale waliokuwa wakitajwa kwa mkumbo. Mabinti wetu wanaoandika insha nzuri shuleni wana meli nzima ya watu wanaowangoja.

Nao watu hao hawakuishia Aden. Ilipofika tarehe 11 Agosti 1880 Hija ilikuwa bado mbele yao: siku ya Arafa ya mwaka ule iliangukia katikati ya mwezi wa Novemba. Kutoka Aden hadi Jedda ni mwendo wa siku chache kwa meli ya moshi. Mahujaji wale, waliokwisha kutangazwa duniani kote kwamba wamekufa, walikuwa na miezi mitatu.